Zege ya Karuma Ilisimamiwa na Nani?

Ndugu zangu, nimeombwa niseme habari za umeme, nami nitazisema kwa mfano wa jirani zetu wa Uganda, maana wao wamekwisha kupita njia ambayo wengine bado tunaielekea.

Mwaka 2013 Uganda ilianza kujenga kituo cha Karuma, kwenye mto Nile, chenye mitambo sita chini ya ardhi ya kutoa megawati 600. Kontrakta alikuwa Sinohydro wa China. Asilimia 85 ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na 15 ilitoka Uganda yenyewe. Kazi ilikuwa iishe mwaka 2018. Kituo kikazinduliwa Septemba 2024.

Kuna watakaosema ni Korona. Sikatai, lakini nyufa za zege zilijulikana tangu 2016, na Rais Museveni mwenyewe alionyesha wasiwasi wake. Isimba nako, kituo cha megawati 183 kilichojengwa na kampuni nyingine ya China, kilifunguliwa Machi 2019 huku kasoro zikizidi kuandikwa. Agosti 2022 maji yakaingia katika nyumba ya mitambo, kituo kizima kikazimwa. (Sisemi kosa la siku ile lilikuwa la kontrakta.)

Nasikia watu wakisema, "Hao Wachina!" Ndugu zangu, kontrakta awe Mchina, Mzungu, au mtoto wa shangazi yako, hutazama faida yake. Ni juu ya mwenye nyumba kusimama pale zege inapomwagwa. Kule Uganda wizara na kampuni ya umeme ya serikali zilivutana juu ya nani asimamie, na zege haikungoja, ilikauka. Tena mkopeshaji na mjenzi wakiwa wa nchi moja, mkono wa mwenye nyumba hulegea: akitaka kumkemea fundi, humkuta kaka yake fundi amekaa mlangoni pa benki. Na mkopo una tarehe zake za kulipwa, hata kama mitambo imelala.

Basi mkienda kwa mbunge wenu kuulizia umeme, msiulize bei peke yake. Mwulizeni ni injinia gani wa kwetu atakayetia sahihi yake kila zege inapomwagwa, na ni kiasi gani cha malipo kitabaki mkononi mwetu mpaka kasoro ya mwisho itengenezwe.