Kabla ya 1961: Maneno kwa Watoto Wetu wa Aziziya

Wanangu mliozaliwa hapa Jeddah,

Kila 9 Desemba tunahesabu kuanzia 1961. Juzi binti yangu akaniuliza, "Mama, kabla ya hapo kwetu kulikuwa na nini?" Nilikosa jibu, nikaona haya.

Jibu liko Kizimkazi Dimbani, kijiji cha wavuvi kusini mwa Unguja. Msikiti wake ukiuona kwa nje ni wa kawaida, paa la bati. Lakini ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya hati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, maandishi yakabaki, na hadi leo watu wanaswali humo.

Watalii huenda Kizimkazi kutazama pomboo. Nendeni na nyinyi, ila mpite msikitini kwanza. Kiarabu mnakijua kuliko sisi wazazi wenu. Msomeeni bibi kilichoandikwa. Hati ile ni ngumu, msiwe na haraka. Binti yangu keshaniapia ataupata ule mwaka mwenyewe.