INI LA MNYAMA NA USALAMA WA DAWA



Mwananchi anunuapo dawa dukani hamwoni mnyama aliyetangulia kuipokea. Kabla dawa mpya haijajaribiwa kwa binadamu, hupewa wanyama, na viungo vyao huchunguzwa kwa hadubini. Ini hutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndilo livunjalo kemikali nyingi ziingiazo mwilini.

Hata hivyo, si kila badiliko la ini ni madhara. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, hulichochea ini kutengeneza vimeng'enya zaidi. Seli hutanuka, ini huongezeka uzito, na dawa ikikoma hurejea hali yake. Huko ni kukabili kazi iliyozidi. Seli zikifa, au vimeng'enya vikivujia katika damu, hayo ni madhara.

Panya wadogo waliopewa fenobabitoni kwa muda mrefu walipata uvimbe wa ini. Kwa binadamu walioitumia miaka mingi, haijathibitika kwamba huleta saratani hiyo. Lau dawa hiyo ingepigwa marufuku kwa sababu ya ini la panya peke yake, hasara ingekuwa kubwa. Huko Mahenge, katika kliniki iliyoanzishwa na Daktari Louise Jilek-Aall, taarifa ya mwaka 1992 juu ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30 ilionyesha kwamba wengi wao, kwa tiba, kifafa kilitulia au kilipungua.

Kinyume chake ni sumukuvu. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa kula chakula chenye karanga zilizoota kuvu. Maini yao yalikuwa yameharibika. Onyo hilo lilikuwa la kweli hata kwa binadamu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, takriban watu watatu kati ya kila kumi waliougua kwa sumu hiyo walifariki.

Hivyo, mkaguzi anapaswa kuuliza: Je, seli zimekufa? Je, ini hupona dawa ikikoma? Je, kilichotokea kwa mnyama chaweza kutokea kwa binadamu, na kwa kipimo gani?

Wananchi wanakumbushwa wasiache dawa ya kifafa pasipo ushauri wa daktari. Aidha, mahindi yenye kuvu yasiliwe, wala wasipewe kuku.