Msaada wa Kisheria Uanzie Baraza la Kata: Mashamba ya Ukoo Uluguruni

Tukizungumzia haki vijijini, lawama huangukia uchache wa mawakili. Kwa Waluguru wa Kinole, Matombo au Kolero, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, naona pengo kubwa liko hatua moja nyuma, kwenye Baraza la Kata. Hadi 2021 baraza hilo liliweza kuamua mashauri madogo ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yameliachia usuluhishi tu: likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mtu wa Kolero maana yake ni kushuka mjini, nauli, malazi na shauri linaloahirishwa.

Siku hizo 30 ni za thamani kwa sababu mgogoro wa Uluguruni hauelezeki kirahisi. Ardhi nyingi ni ya ukoo na hufuata uzao wa mama, huku mjomba akiwa na sauti kubwa katika kuigawa. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Mume akipanda mikarafuu kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, kisha ndoa ikavunjika, akilalamika kwamba amenyang'anywa shamba hoja yake ni dhaifu. Akidai fidia ya mikarafuu, ana la kusimamia. Mke naye yuko hatarini ikiwa hati ya hakimiliki ya kimila iliandikwa jina la mume peke yake. Kosa la namna hii likishaingia kwenye maandishi ya mwanzo, wakili wa mjini analikuta limekomaa. Ndiyo maana nataka msaidizi wa kisheria awe karibu na wananchi kabla baraza halijakaa.

Wapo wanaosema wazee wa ukoo wanatosha. Mipaka wanaijua kweli, na ushahidi wao hauna mbadala, ila mara nyingine mzee anayesuluhisha ndiye mjomba aliyeuza kipande chenyewe. Wengine husema mfumo wa uzao wa mama umeshamlinda mwanamke. Ungekuwa umemlinda kikamilifu, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, kisingekuwa na kazi huku. Hoja nzito zaidi ni kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haimruhusu msaidizi wa kisheria kumwakilisha mtu mahakamani. Sawa, lakini kazi ninayoizungumzia si ya mahakamani: ni kusikiliza, kutenganisha madai ya ardhi na ya miti, na kuandika.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imefungua macho ya wengi, ila msafara hukaa siku chache na kuondoka, na mgogoro haungoji ratiba yake. Halmashauri ingeanza na kata chache za milimani: msaidizi mmoja kila kata, posho ya uhakika, siku yake ikiwa ile ya gulio, watu wanapokuwa wameshateremka na ndizi zao. Wahadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu Mzumbe wangeyapitia maandishi yake kabla baraza halijakaa.