Ukuta na Mlamula

*Hotuba iliyotolewa na mzee wa kanisa katika kilele cha Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika, Ndama*



Kamati ya Jubilei imeniomba niseme machache juu ya umoja. Ni jambo jepesi kulisema na gumu kuliishi. Kwa hiyo naomba niwapeleke kwanza mbali, katika mji wa Berlin, kisha niwarudishe nyumbani.

Berlin si mji mgeni kwetu. Shirika la Misioni la Bethel, ambalo watumishi wake walifika Bukoba mwaka 1910, lilianzishwa mjini humo mwaka 1886. Na ni huko huko Berlin ambako, tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba uliopitisha mpaka wao katika nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Hakuna mtu wa Karagwe wala wa Ankole aliyeulizwa. Wenye mji ule hawakujua kwamba ipo siku nao wangegawanywa pasipo kuulizwa.

Siku hiyo ilifika. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, washindi wanne waliugawa mji huo: Warusi walichukua mashariki, Wamarekani, Waingereza na Wafaransa wakachukua magharibi. Kwa miaka kadhaa watu waliendelea kuvuka kwenda kazini, kwa ndugu zao na kanisani. Lakini wengi mno walikuwa wakikimbia kutoka mashariki. Basi usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, serikali ya mashariki ilifunga mpaka kwa seng'enge, na baadaye kwa zege. Ukuta huo uliizunguka Berlin ya magharibi kwa kilometa zipatazo 155. Watu wasiopungua 140 waliuawa au kupoteza maisha kwa sababu yake.

Wapendwa, iko barabara moja mjini humo iitwayo Bernauer Straße. Nyumba za upande mmoja zilikuwa mashariki, lakini njia ya miguu mbele ya milango yake ilikuwa magharibi. Milango ilipozibwa kwa matofali, watu walirukia madirishani, na wengine walikufa. Katika barabara hiyo lilisimama kanisa la Kiinjili lililowekwa wakfu mwaka 1894, nalo liliitwa Kanisa la Upatanisho. Jengo lilikuwa mashariki, na washarika walio wengi walikaa magharibi. Ukuta ukapita mbele ya mlango wake. Kufikia mwisho wa Oktoba 1961 ibada zilikuwa zimekoma, na kwa zaidi ya miaka 20 kanisa lilisimama tupu katika eneo la walinzi wenye bunduki. Mnamo Januari 1985 likabomolewa kwa baruti, hata mnara wake ukaanguka.

Je, upatanisho ulianguka pamoja na jengo? La hasha. Tangu mwaka 1982, katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Leipzig, watu walikusanyika kila Jumatatu kuombea amani. Mwanzoni walikuwa wachache. Tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya maombi, watu wapatao 70,000 walitembea barabarani wakiwa na mishumaa, wala risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 9 Novemba, ukuta ulifunguliwa, na ndugu waliotengana miaka 28 wakakumbatiana. Tarehe 3 Oktoba 1990 nchi ikawa moja tena. Hata makanisa ya mashariki, yaliyolazimika kujitenga na wenzao mwaka 1969, yaliungana nao tena mwaka 1991.

Lakini naomba msifikiri kwamba habari iliishia katika kukumbatiana. Viwanda vingi vya mashariki vilifungwa na watu wakakosa kazi. Baadhi walijiona kama wageni katika nchi yao wenyewe. Tangu Februari 2018, siku zilizopita bila ukuta zimekuwa nyingi kuliko siku ambazo ukuta ulisimama. Hata hivyo tofauti za mishahara, mali na kuaminiana hazijakwisha. Kuvunja zege kulianza kwa usiku mmoja. Kuvunja yaliyo moyoni ni kazi ya vizazi.

Na mahali pa kanisa lile lililobomolewa, pamewekwa wakfu kanisa dogo tarehe 9 Novemba 2000. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochanganywa na vipande vya matofali ya kanisa la kale. Wazee wetu walioabudu katika makanisa ya udongo na nyasi wangejisikia nyumbani mle.

Sasa nirudi hapa. Sisi nasi tuna mipaka yetu. Kule Murongo, ng'ambo ya Mto Kagera ni Uganda, na walio pande zote mbili wanasikilizana lugha. Mwaka 2013, wakati wa zoezi la kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali mkoani Kagera, zilikuwapo nyumba ambazo mmoja alibaki na mwingine akavuka. Sizungumzi juu ya sheria; serikali ina wajibu wake. Nauliza tu kama sisi majirani tuliwalilia waliotengana, au tulihesabu migomba waliyoiacha.

Nami sina haki ya kuuliza hivyo bila kujiungamia. Kwa miaka 11 sikusalimiana na ndugu yangu wa tumbo moja. Tulikuja katika kanisa hili, tukashiriki Meza moja ya Bwana, kila mmoja akitokea mlango wake. Kisa kilikuwa mpaka wa shamba. Mnajua tunavyopanda mlamula mpakani, na mnajua kwamba kulamula ni kuamua na kusuluhisha. Babu zetu waliweka mpaka ili majirani wapatane. Mimi niliugeuza mlamula kuwa ukuta. Aliyeanza kuvuka ni yeye, siku niliyofiwa, naye alikuja na kuni kichwani.

Ombi langu ni moja. Tunapoingia karne ya pili, kila mmoja amtaje moyoni mtu asiyesalimiana naye, na kabla ya Chakula cha Bwana kijacho aende kwake. Asingoje kuitwa. Miaka 100 mingine haitatupa umoja tusioutafuta kwa miguu yetu wenyewe.

Mungu aubariki usharika wetu.