Aigues-Mortes, Mji wa Ukuta na Mnara

Kuna mji mdogo ulio kusini ya Ufaransa, karibu na mahali Mto Rhône uingiapo baharini. Nchi ile ni tambarare, imejaa matete na maziwa ya maji ya chumvi. Mji wenyewe waitwa Aigues-Mortes, na maana ya jina hilo ni "maji yaliyokufa", yaani maji yaliyotuama.

Mgeni aujiaye mji huu huona kwanza ukuta. Ni ukuta wa mawe, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, nao wauzunguka mji wa kale pande zote hata leo. Mtu aweza kutembea juu yake, huku akitazama mapaa ya nyumba, na huku mashamba ya chumvi. Huko maji ya bahari huingizwa katika madimbwi mapana. Jua huyakausha, na chumvi ibakiayo hukusanywa ikawa vilima vyeupe.

Mji huu ulijengwa na Mfalme Louis wa Tisa katika karne ya 13, kwa kuwa alitaka bandari yake mwenyewe. Meli zilifika kwa njia ya mfereji. Mwaka 1248 aliondoka hapa kwenda kupigana vita vya msalaba huko Misri. Mwaka 1270 akaondoka tena, akafa Tunis. Ukuta ulijengwa baada yake na mwanawe na mjukuu wake. Lakini mchanga na matope viliziba njia za maji, na biashara ikahamia bandari nyingine.

Penye pembe ya mji pana Mnara wa Constance, ambao Louis aliujenga kabla ya ukuta. Unene wa kuta zake ni mita 6. Hapo kwanza ulikuwa ngome ya kuulinda mji. Baadaye ukawa gereza. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne aliikataza dini ya Waprotestanti, na wanawake waliokataa kuiacha walifungwa humo.

Mmoja wao alikuwa Marie Durand. Aliingia mwaka 1730, angali msichana wa miaka 19 hivi. Ndugu yake alikuwa mchungaji, naye alinyongwa mwaka 1732. Marie angeweza kutoka kwa kutamka tu kwamba ameiacha imani yake. Hakutamka. Aliwauguza wenziwe, akawaandikia barua za kuomba msaada, mpaka akafunguliwa mwaka 1768. Alikuwa amekaa humo miaka 38.

Katika chumba cha juu, katikati ya sakafu, pana tundu la mviringo. Kwenye ukingo wake wa jiwe limechongwa neno moja la Kifaransa lenye maana ya kupinga, kutokubali kushindwa. Watu husema kwamba ni Marie aliyelichonga.

Basi, mtu akijaliwa kufika Aigues-Mortes, asitosheke na kuzunguka ukuta wa wafalme. Apande ngazi za mnara, ainame, alitazame neno lile. Wafalme walijenga kwa fedha nyingi na mafundi wengi. Aliyeandika hapo hakuwa na kitu ila mkono wake na siku nyingi za kungoja.