Nani Atamwambia Mtoto "Rudia"? Elimu bila Shule katika Pwani ya Kilifi na Malindi



Kuna hoja moja inayonikera siku nyingi, na kwa kuwa jioni hii nimepewa jukwaa, nitaishughulikia ipasavyo. Husemwa hivi: kabla mmisionari hajaja na kengele yake, mtoto wa Pwani alikuwa huru. Alifuatana na wakubwa shambani na baharini, akaokota elimu alikoikuta, hapana aliyemkalisha chini, na mwisho akawa mtu mzima mwenye akili zake. Basi mzazi wa leo wa Kilifi au Watamu anayemtoa mwanawe shuleni, asimwekee ratiba wala kitabu, akamwacha afuate moyo wake, anarejea kwenye mila za mababu. Hoja hii nimeisikia kwa wazazi waliosoma sana, na baadhi yao ni marafiki zangu. Nia yao naiheshimu. Ila mababu wanaowasimulia hawakuwahi kuishi Pwani hii.

Chimbuko la nadharia ya elimu bila shule mnalijua, sitakaa hapo. Mwandishi Ivan Illich aliandika mwaka 1971 kwamba jamii iachane na shule. John Holt, aliyekuwa mwalimu Marekani, alianzisha jarida mwaka 1977 akawahimiza wazazi waache watoto wajifunze nyumbani bila mtaala. Kwetu Afrika Mashariki, Rais Nyerere wa Tanzania mwaka 1967 alikwisha kuilaumu shule inayomtenga mtoto na kazi za jamaa zake, ingawa alitaka shule itengenezwe, hakutaka ikimbiwe. Kuhusu Holt nitaongeza jambo moja ambalo wafuasi wake hulisahau: kabla ya kuyasema hayo alikaa darasani akiwatazama watoto mmoja mmoja, akiandika alichokiona. Maarifa yake yalitoka katika kutazama huko. Anayemsoma Holt akatoka na ruhusa ya kutomtazama mtoto hakumsoma.

Sheria nayo tuipitie. Ibara ya 53 ya Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Asipofanya hivyo bila sababu ya maana, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi ililikataa ombi la kutaka elimu ya nyumbani itambuliwe. Mzazi anayeichagua njia hii Malindi leo aijue hatari iliyopo mbele yake.

Sasa turudi kwa mababu.

Mmisionari Krapf alifungua kituo chake Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 1846. Kabla ya Rabai, je, palikuwa patupu? Palikuwa na chuo cha Kurani. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu na baba yake, akaketi na ubao wake na wino wa masizi. Alianza na herufi, akaingia irabu, akaunganisha, akafika juzuu Amma, na akiendelea mpaka mwisho wa msahafu jamaa walikusanyika kwa khitma. Hapana hatua iliyorukwa kwa sababu mtoto hana hamu nayo. Someni Desturi za Waswahili, aliyoiandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1903. Muone malipo ya mwalimu yalivyopangwa, na adhabu zilivyokuwa kali. Adhabu hizo sizitetei hata kidogo. Ninachosema ni kwamba palikuwa na mpango, na palikuwa na mtu aliyeusimamia.

Kwa Wamijikenda, mambo ya kaya, yaani makao yao matakatifu, hayakuokotwa njiani. Yalikuwa na rika lake, wakati wake, na wazee waliojua nani aambiwe nini na nani asubiri. Hata baharini, ambako marafiki zangu hao hupenda kumwona mtoto aliye huru, mtoto wa mvuvi hakushika usukani kwa kuutamani. Alianza kwa kumwaga maji yaliyoingia chomboni, akafunga chambo, akakunja nyavu, akajifunza kutofautisha bamvua na maji mafu, na kujua kusi likivuma asithubutu kwenda wapi. Nahodha alikuwa karibu muda wote. Baharini kosa la mtoto linaweza kuua watu watano.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwanamke, na naomba mnivumilie niukalie. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, na tangu hapo wataalamu wamebishana juu ya mafunzo yake kuhusu mume na mke. Ubishi huo una haki yake. Mimi leo natazama namna anavyofundisha. Jambo la kwanza anamwita binti aje na wino na karatasi. Tuliangalie hilo vizuri. Katika visiwa vya Lamu, bila shule ya serikali wala ya misheni, mama mgonjwa anamwita binti yake na anajua kwamba binti ataandika. Kuna mtu aliyemfundisha kuandika, tena kabla ya siku ile. Kisha mama anampa wosia kama hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kama kidani cha lulu na marijani: vitu vya kuvaliwa mwilini kila siku. Kisha anapanga. Anataja radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Huo ni mtaala. Umeandaliwa na mzazi, nyumbani, kwa mtoto mmoja anayejulikana kwa jina.

Tena ameupanga katika bahari ya utenzi: vipande vinne katika kila ubeti, mizani nane kila kipande, na kina cha mwisho kinachotembea toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umbo hilo limetengenezwa likae kichwani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoacha shule na pia na wenzangu wa idara za ualimu, maana pande zote mbili zimekubaliana kwamba kuhifadhi ni adui wa kufahamu. Nimepima hoja zao kwa miaka, na bado naamini kuwa mtoto aliyehifadhi beti mia ana kitu cha kufikiria nacho hata siku ambayo hana kitabu, hana umeme, na hana mtu wa kumuuliza.

Hoja hii ya uhuru imefika hata nyumbani kwetu. Mpwa wangu alitolewa shuleni na wazazi wake baada ya kuchapwa na mwalimu, ingawa viboko vilipigwa marufuku Kenya tangu 2001. Uamuzi wa kumtoa nauunga mkono. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike mhadhara huu. Waliamua kumwacha huru kabisa, na kwa miezi mingi uhuru wake ulikuwa simu. Bibi yake ndiye aliyempeleka kwa fundi wa mashua pale kwenye mkono wa bahari wa Kilifi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amepima ubao wa ubavuni kwa utepe, akakata. Fundi akauweka mahali pake, akaonyesha upenyo ambao ncha ya kalamu ingepita, akasema neno moja: rudia. Kijana akapima upya. Safari hii akaandika nusu na robo za inchi pembeni mwa ubao kwa penseli, akazijumlisha hapo hapo. Jioni ile akaniomba kitabu cha hesabu.

Ila mpwa huyo ana dada, naye pia alitolewa. Hapana aliyempeleka kwa fundi. Alibaki nyumbani, na nyumbani kuna maji ya kuteka, mtoto mchanga wa kubeba, na sufuria. Wanaosifu uhuru wa mtoto wa nyumbani watuambie ni mtoto yupi. Shule zilipofungwa kwa janga la korona Machi 2020 mpaka zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, Pwani hii iliona wazi nini huwapata wasichana wasipokuwa na mahali pa kwenda asubuhi, na wako ambao hawakurudi. Mwana Kupona alikuwa na muda wa kumkalisha binti yake akaandika. Mama anayechoma makaa huko Ganze, au anayesafisha vyumba vya hoteli Malindi kutwa nzima, muda huo ataupata wapi?

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuitetea shule kama ilivyo. Darasa lenye watoto wengi kuliko mwalimu mmoja anavyoweza kuwajua majina halina wa kumwambia mtoto rudia, maana hapana anayeona alichokosea. Katika darasa hilo mtoto ameachwa peke yake sawasawa na yule aliyebaki na simu. Mzazi anayemtoa hapo nitasimama naye mbele ya hakimu, kwa sharti kwamba aniambie nani atamtazama mtoto huyu kila siku.

Bunge libadilishe Sheria ya 2013 ili mzazi aweze kujisajili, amtaje mwalimu au fundi anayemfundisha mwanawe, na mtoto asikilizwe mara kwa mara na mkaguzi: asome kwa sauti, ahesabu, na aeleze kazi aliyoifanya. Msichana asikilizwe peke yake, bila mzazi chumbani. Mlango mmoja uko wazi hata kabla ya Bunge. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti ya Kilifi inaweza kuanza kuwaorodhesha mafundi wa mashua, wafumaji wa malema, washonaji na wachongaji wa mbao wa Malindi kama walimu wa vyuo hivyo, wakalipwa, na wapwa wangu wote wawili wakapokewa huko asubuhi, dada akitangulia.