MANENO MACHACHE NYUMA YA PICHA

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka nizungumze juu ya jambo lolote litakalowaongezea wanachama maarifa. Nimechagua kadi za posta zenye picha za kazi za sanaa za zamani, pamoja na yale maneno machache yapigwayo chapa nyuma yake. Pengine mtu atauliza, Karani ana nini na kadi za picha? Namjibu ya kuwa ana mengi. Kazi yetu sisi ni kuandika maneno machache ambayo wengine watayategemea: anwani juu ya jalada, tarehe katika daftari, jina katika cheti. Aandikaye maneno ya nyuma ya kadi ni karani mwenzetu, na akipotoka yeye, hupotea naye watu wengi asiowajua.

Yafaa kwanza tujue kwa nini maneno hayo ni machache. Kadi ya posta ilianza kutumika Austria mwaka 1869, nayo haikuwa na picha. Picha zilipoingia, upande mmoja ulikuwa wa anwani peke yake, na mwenye kupeleka salamu alijibana pembezoni mwa picha. Mwaka 1902 Posta ya Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe mara mbili, kushoto habari na kulia anwani. Nchi nyingine zikafuata, na Marekani ikaruhusu mwaka 1907. Hapo picha ikapata upande wake mzima, lakini maelezo yake yakasukumwa pembeni, mistari miwili au mitatu tu.

Nyumba za makumbusho zilipoanza kuuza kadi za vitu vyao, mtu wa mshahara mdogo aliweza kununua kwa senti chache sura ya kitu asichotazamia kukiona kwa macho yake. Hiyo ni neema. Lakini asiyekiona kitu chenyewe hana shahidi mwingine ila mistari ile. Kwa hiyo nataka tutazame kadi tatu, kila moja na funzo lake.

Kadi ya kwanza ni picha ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, iliyo katika nyumba ya makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Jina lake lijulikanalo duniani ni “Ulinzi wa Usiku.” Basi, Waungwana, jina hilo si la mchoraji. Rembrandt alimaliza kazi hiyo mwaka 1642, nayo yaonyesha kikosi cha walinzi wa mji chini ya Kapteni Frans Banninck Cocq. Jina la usiku lilikuja katika karne ya 18, baada ya vanishi na uchafu kuitia giza. Baada ya Vita Kuu ya Pili picha ilisafishwa, mwanga ukarudi, lakini jina halikuondoka. Hata katika kadi ndogo mtu aweza kusahihisha kwa macho yake mwenyewe: kivuli cha mkono wa Kapteni chaangukia nguo ya manjano ya Luteni wake. Nuru yatoka juu upande wa kushoto, kama nuru ya mchana.

Tena kadi hiyo, yenye urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 9, haiwezi kutuambia yenyewe kwamba picha ya asili yapita mita 3 kwenda juu na mita 4 kwenda kando. Wala haituambii kwamba mwaka 1715 picha ilikatwa kando zake ipate kuenea ukutani pa nyumba ya baraza la mji. Tunachokiona ni sehemu iliyobaki. Yote haya yangeingia katika mistari miwili, kama mwandishi angejua lipi la kutanguliza.

Kadi ya pili yatugusa zaidi, maana ndani yake yumo mnyama wa kwetu. Ni picha ya Kichina iliyochorwa juu ya hariri: twiga amesimama, na mtu ameshika kamba yake. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea Mfalme Yongle wa Uchina twiga kuwa zawadi. Wachina walimfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao, aitwaye qilin, ambaye huonekana pale mfalme mwema anapotawala. Shen Du, mwandishi wa hati nzuri katika jumba la mfalme, akaandika maneno ya sifa juu ya picha. Mwaka uliofuata, 1415, akafika twiga mwingine, naye alitoka Malindi.

Mara nyingi maelezo ya picha hiyo husema kwa ufupi, “Twiga wa Malindi.” Sisi watu wa pwani twafurahi kusikia hivyo, na hapo ndipo pa hatari. Twiga wa mwaka 1414 aliletwa kutoka Bengal. Ni kweli ya kuwa Bengal haina twiga, na kwamba asili ya mnyama yule ni Afrika. Lakini twiga wa Malindi ni mwingine, wa mwaka 1415. Kosa linalotusifu ni kosa vile vile. Karani mwaminifu hawezi kumhamisha mtu, wala mnyama, kutoka jalada moja mpaka jingine kwa kuwa lile la pili lapendeza zaidi.

Kadi ya tatu ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo haya. Ni picha ya bamba la shaba ya manjano kutoka mji wa Benin, katika nchi ambayo sasa ni Nigeria. Mabamba haya yalisubiwa na mafundi wa chama cha wasubu shaba wa Mfalme, aitwaye Oba. Mengi ni ya karne ya 16 na ya 17. Fundi hufanya sura kwa nta, akaifunika kwa udongo, akaipasha moto hata nta ikatoka, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka mahali pa nta. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo kila bamba ni moja tu, halina ndugu wa kulingana naye. Mabamba yalipamba nguzo za jumba la Oba, yakionyesha wakuu, askari na wafanya biashara wa Kireno. Yaani yalikuwa daftari la ufalme.

Mwezi wa Januari 1897 ofisa wa Kiingereza, James Phillips, alishika njia kwenda Benin ingawa aliambiwa asije wakati ule wa sikukuu. Yeye na wengi wa msafara wake wakauawa. Mwezi wa Februari jeshi la Waingereza likauteka mji, jumba likateketea kwa moto, na vitu vyake kwa maelfu vikachukuliwa. Oba Ovonramwen alihamishiwa Calabar, akafa huko mwaka 1914. Mabamba yalipofika Ulaya, wataalamu wengine waliona shida kukubali ya kuwa Waafrika ndio waliobuni kazi bora kama ile, wakatafuta asili yake kwa Wareno au Misri.

Sasa, Waungwana, fikirini maelezo ya namna hii: “Bamba la shaba. Benin, karne ya 16. Lilipatikana 1897.” Hakuna uongo ndani yake. Lakini litazameni neno “lilipatikana.” Fedha iliyoanguka njiani hupatikana, mbuzi aliyepotea hupatikana. Sisi makarani twaijua sana kauli hiyo, maana hutumika pale ambapo haitakiwi mtendaji ajulikane. Lau angeandika “lilichukuliwa na jeshi la Waingereza lilipoteka Benin, 1897,” angezidisha maneno machache tu, na msomaji angeuliza maswali yaliyo haki yake kuuliza. Simtaki mwandishi wa maelezo awe hakimu. Namtaka awe shahidi asiyemeza nusu ya ushahidi.

Wala msidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Mwaka 2022 Ujerumani ilirudisha Nigeria baadhi ya vitu vya Benin, na mwaka 2025 Uholanzi ikarudisha vitu 119. Kadi za zamani zionyeshazo vitu hivyo zingali zasema vimo Ulaya. Ndiyo maana maelezo nayo yapasa kuwa na tarehe, kama barua.

Basi, kwa kufupisha, naona maelezo mema ya kazi ya sanaa yajibu maswali sita: Ni kitu gani? Kilifanywa na nani? Lini? Kipimo chake nini? Kiko wapi? Kilifikaje hapo? Swali la sita ndilo huachwa zaidi, nalo ndilo lenye uzito kwetu, watu ambao vitu vyetu vingi vimesafiri bila barua ya njia.

Nina shauri moja la kuweka mbele ya mkutano. Chama na kiweke kitabu cha kadi za namna hii, na chini ya kila kadi yaandikwe maelezo ya Kiswahili kwa maswali yale sita, kisha kitabu kizunguke katika matawi. Na kila mwanachama akirudi nyumbani, azitoe picha za wazee wake sandukuni, aandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi jina la kila mtu, mahali na mwaka, maadamu wako hai wanaowajua. Katika kadi za pwani yetu za zamani wamo watu wengi walioandikiwa “Mswahili” au “mwanamke wa Unguja,” bila jina. Walikuwa na majina, wala hapana sasa wa kuwataja.

Waungwana, mali bila daftari hupotea.